Airisi ya msituni iliyobaki majani matupu: kisa cha bustani moja Usambara

Kisa hiki kinahusu vichaka 34 vya airisi ya msituni vilivyokaa miaka minne chini ya miti. Vilinawiri, majani yaking'aa, na mwenye bustani hakuwahi kuona ua hata moja. Ninakiandika kwa ruhusa yake. Majina ya watu, ya kijiji na ya nyumba nimeyaondoa. Miti, majira, hesabu za maua na makosa nimeyaacha yalivyokuwa, yakiwemo ya kwangu mimi niliyeitwa pale kama bibi shamba.

Mmea wenyewe

Lazima nianze na jina, kwa sababu tatizo lote lilizaliwa kwenye jina.

Kitaalamu mmea huu unaitwa Dietes iridioides. Neno la pili maana yake ni "unaofanana na airisi", na kweli unafanana. Majani ni marefu na membamba kama upanga, yamepangana kama upepeo. Ua ni jeupe, lina alama za manjano kwenye petali za nje na zambarau laini katikati. Uko katika familia moja na airisi zinazopandwa Ulaya. Lakini airisi zenyewe, zile za jenasi ya Iris, ni mimea ya kaskazini mwa dunia, na kusini mwa Sahara hakuna hata moja iliyo ya asili. Huu wetu ndio mwenyeji. Huota wenyewe kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Afrika Kusini, kwenye sakafu ya misitu na pembezoni mwake. Jenasi ya Dietes ina spishi sita: tano ziko Afrika, na ya sita iko peke yake katika kisiwa cha Lord Howe, baharini mashariki mwa Australia.

Tabia zake ni tofauti na za airisi ya Ulaya, na ndizo zilizoamua kisa hiki. Ua huishi siku moja tu: linafunguka asubuhi, na jioni limeshajikunja. Bua linalobeba maua halifi ua linaponyauka. Hubaki kijani, likakaa wiki nyingi bila chochote, kisha msimu mwingine likatoa matumba mapya kwenye vifundo vilevile. Bua moja linaweza kuchanua mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu. Likilemewa na kulala chini, vifundo vyake huota mizizi na hapo unapata mche mpya. Chini ya ardhi kuna shina linalotambaa kama la tangawizi, nalo halipendi kusumbuliwa.

Bustani na watu wake

Ni nyumba ndogo ya wageni katika Usambara Magharibi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu. Januari na Februari jua ni kali na udongo mwekundu unapasuka juu.

Mwenye nyumba, ambaye hapa nitamwita Mama, ni mwalimu mstaafu. Airisi alizipata kwa jirani, akazipanda kwa sababu zilimkumbusha njia ya msituni aliyopita akienda shule utotoni. (Niseme jambo hapa kwa anayesoma na kutamani: usiende kung'oa mmea huu kwenye hifadhi ya msitu. Jirani mwenye kichaka kikubwa atakupa, na mbegu zake huota vizuri.) Mtunza bustani, nitakayemwita Mzee, amefanya kazi pale tangu nyumba inajengwa. Ni mtu wa kazi safi. Njia za bustani ile zimefagiwa hata siku ambayo hakuna mgeni.

Vichaka vilikuwa kwenye matuta mawili. Tuta la kwanza, vichaka 18, lilikuwa chini ya miparachichi miwili mikubwa mbele ya baraza. Tuta la pili, vichaka 16, lilifuata mstari wa migrevilea kandokando ya njia ya kuingilia.

Kwenye ukuta wa stoo kulikuwa na karatasi iliyopakwa plastiki. Binti yake Mama, anayeishi Uingereza, alikuwa ametuma maelekezo ya kutunza airisi, naye Mama akayafasiri kwa Kiswahili kwa mwandiko wake wa kialimu. Yalisema airisi hizi zinafaa chini ya miti. Mabua yakatwe hadi chini maua yakiisha. Vichaka vigawanywe kila baada ya miaka michache. Shina la chini liachwe karibu na uso wa udongo. Niliisoma nikaona hakuna kosa ndani yake, na kwa airisi za kule hakika hakuna.

Mambo yalivyokwenda

Niliitwa mwezi wa Novemba. Mama alinipokea barazani, tukasalimiana, akanionyesha tuta la mparachichi. Nilisimama pale saa sita mchana nikanyoosha mkono juu ya majani: haukutoa kivuli chochote. Dari ya mparachichi ilikuwa nzito kiasi kwamba mwanga wote ulikuwa wa kijani. Nikauliza mbolea. Mama akasema wanaweka samadi ya kuku kila mvua zinapoanza. Nikachimba kidogo pembeni ya kichaka kimoja nikakuta shina la chini liko sawa, nono, halina uozo wala fukusi.

Basi nikatoa hukumu. Kivuli kimezidi, na samadi ya kuku inasukuma majani badala ya maua. Nikashauri matawi ya miparachichi yapunguzwe sana na samadi isimame kwenye matuta yote mawili. Tuta la migrevilea nililipitia haraka tu, kwa sababu mwanga wake ulionekana mzuri. Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Kama mwanga wa pale ulikuwa mzuri na bado maua hayakuwepo, kivuli hakingeweza kuwa maelezo ya bustani nzima. Niliiona hali hiyo kwa macho yangu na sikuifuata.

Mzee alikuwa karibu siku ile, ameshika reki. Nilimwamkia, akaitikia, na sikumuuliza kitu kingine.

Matawi yalikatwa mwanzoni mwa Desemba. Januari jua likashuka moja kwa moja juu ya majani yaliyozoea giza kwa miaka minne. Ncha ziliungua, kisha majani mazima yakawa na mabaka ya rangi ya karatasi kuukuu. Mizizi ya mparachichi nayo iko juujuu, na ndiyo iliyowahi maji yote machache ya msimu ule. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, majani yanakufa, na maparachichi ya mwaka huu ndiyo hayo umeyakata." Sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia amwagilie na asikate tawi jingine.

Masika yakaja. Mwisho wa Mei nikarudi. Tuta la mparachichi lilikuwa linatoa majani mapya, hakuna ua. Tuta la migrevilea, hakuna ua.

Nilikuwa naelekea jikoni kunywa chai nilipopita nyuma ya nyumba, pale Mzee anapotupa takataka za bustani, chini ya mgrevilea wa mwisho. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kwenye ubavu wa lundo, airisi ilikuwa imechanua maua matatu.

Haikuwa peke yake. Nilihesabu miche 11, na jinsi ilivyojipanga ndiyo iliyonisimamisha: minne ilifuatana kwenye mstari mmoja ulionyooka, mitatu kwenye mstari mwingine. Hakuna aliyeipanda. Mistari ile ilikuwa mabua yaliyokatwa yakatupwa yakiwa mabichi. Vifundo vilikuwa vimeota mizizi kwenye takataka zilizooza, na bua lenyewe limebaki kama uzi mkavu katikati ya miche.

Nikamwita Mzee. Nikamwuliza mabua haya yanatoka wapi. Akashangaa kwamba nauliza.

"Si kule mbele, mama. Nakata mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na wa kumi na mbili, kabla wageni wa likizo hawajaja. Bua lisilo na ua limekwisha kazi. Karatasi ya stoo imesema likatwe."

"Kwa hiyo yanachanua?"

"Yanachanua. Kule njiani, machache, asubuhi sana. Wageni wakiamka saa nne yamebaki kama kitambaa kilicholowa. Nayatoa."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Mama. Akasema Mama hakuuliza kama yanachanua, aliuliza kwa nini hayaonekani, na yeye alijua kuwa ni kwa sababu machache na yanaisha mapema. Jibu lake lilikuwa la kweli kabisa. Kwa miaka minne bustani ile ilikuwa na mtu mmoja aliyejua ukweli wa mmea, na sote wawili, mwenye nyumba na mtaalamu, tulikuwa tumejadiliana juu ya kichwa chake.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikaa jikoni watatu. Jambo la kwanza Mama alitaka kujua ni kama aachane nazo anunue spishi ya bustani, Dietes grandiflora, ambayo ua lake ni kubwa zaidi na hukaa hadi siku tatu. Lilikuwa wazo la haki. Nilimwambia kwamba kama anachotaka ni maua ya kuonekana na mgeni wa saa nne, basi hiyo ndiyo njia fupi. Akafikiri, akasema anataka ile ya njia ya msituni. Tukaendelea kwa msingi huo.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kwamba bua la kijani lisikatwe tena, hata likiwa tupu. Likatwe tu likikauka rangi ya kahawia hadi chini. Mzee akaongeza la kwake: kila bua alifunge kiuzi cha katani, ili kijana wa kibarua anayekuja siku za kazi nyingi asikosee. Sikuwa nimelifikiria hilo, na bila hilo nadhani tungepoteza msimu mwingine, kwa sababu mkono uliozoea kukata haukumbuki maelezo.

Yeye ndiye pia aliyependekeza vichaka vitatu vya kwenye migrevilea viendelee kukatwa kama zamani. Sababu yake: "Tusije tukasema ni bua, kumbe ni mvua." Nilikubali kwa furaha. Vikabaki 13 vya kuachwa.

Kwenye miparachichi tuliamua kutogusa tena matawi. Vichaka 12 vibaki vilipo, na sita vihamishwe hadi ukingoni mwa kivuli, mahali jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi linapofika kwa vipande. Kuhama kusubiri vuli ianze, na kila kichaka kitolewe na bonge lake la udongo bila kupasuliwa. Maelekezo ya kugawa kila baada ya miaka michache tuliyafuta. Airisi ya Ulaya yenye ndevu, yaani yenye vinyweleo kwenye petali zake, hujaa, katikati pakafa, na kugawa huifufua. Huu wetu ukigawanywa hukaa kimya muda mrefu ukitengeneza mizizi upya kabla ya kufikiria ua.

Migrevilea tuliipogoa matawi ya chini hadi kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, lakini safari hii mwanzoni mwa vuli, mti mmoja baada ya mwingine kwa wiki kadhaa, ili majani yapokee mwanga wakati kuna mawingu na maji. Haikuwa gharama. Matawi yalikwenda jikoni kama kuni, na mgrevilea ni mti unaostahimili kukatwa, ndiyo maana wakulima wa huku wameupanda kila mpaka wa shamba.

Samadi ya kuku ilibaki imesimama. Badala yake tuliweka tabaka jembamba la majani yaliyooza, na kwa Januari na Februari tukapanga ndoo moja ya maji kwa vichaka vitatu, mara mbili kwa wiki.

Mwisho, daftari. Mzee alikubali kuhesabu maua kila siku saa moja asubuhi kabla ya kufagia. Kwa ua la siku moja, hesabu ya jioni ni sawa na kutohesabu.

Matokeo

Vuli ya kwanza ilikuwa ya kimya kuliko tulivyotarajia. Kati ya vichaka 13 vilivyoachwa, vitano vilichanua, kwa maua ya kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili. Mama alivunjika moyo kidogo. Mimi nilitazama kitu kingine: viuzi vya katani vilikuwa vimeongezeka. Mabua ya kijani yalikuwa mengi kuliko maua.

Masika yaliyofuata ndiyo yaliyojibu. Vichaka 11 kati ya 13 vilichanua. Daftari linaonyesha siku tatu au nne za maua mengi kwa pamoja, kisha siku kadhaa za sifuri, kisha mengi tena. Mmea huu huchanua kwa mawimbi, kama vile vichaka vimeambizana. Asubuhi moja ya Aprili Mzee aliandika 43, na pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika kwamba alimwamsha Mama.

Vichaka vitatu vilivyoendelea kukatwa: kimoja kilitoa maua mawili msimu mzima. Vingine viwili havikutoa kitu. Vilikuwa kwenye mstari uleule, udongo uleule, mvua ileile.

Chini ya miparachichi, vichaka 12 vilivyobaki palepale vilipata muda wote ule bila kukatwa mabua. Viwili tu vilichanua, maua machache. Vingi havikutoa hata bua. Majani yaliyoungua yalichukua karibu mwaka mzima kubadilika, na miparachichi nayo imeshafunga dari yake tena. Sita vilivyohamishwa ukingoni havikutoa ua mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili vilichanua vinne.

Uchambuzi

Nianze na karatasi ya stoo, kwa sababu ndiyo chanzo, na kwa sababu kila aliyehusika nayo alifanya kwa upendo. Binti alitafuta, Mama alifasiri, Mzee alitii. Kosa liliingia mahali pamoja: neno "airisi" lilivuka bahari likiwa limebeba mmea mwingine. Kwa airisi ya bustani ya Ulaya, bua likishachanua limemaliza, kulikata ni usafi na ni afya. Kwa Dietes, bua ni kama tawi la mti wa matunda. Ukilikata kila Juni na kila Desemba, kila msimu mmea unaanza upya kulijenga, na kabla halijazaa unalitoa tena. Lile lundo la nyuma lilikuwa shahidi aliyekaa pale miaka yote: mabua yaliyokatwa yalikuwa na uhai wa kutosha kuota mizizi kwenye takataka.

"Zinafaa chini ya miti" nalo ni neno la kweli lenye nchi yake. Chukua Iris cristata, airisi fupi ya misitu ya mashariki mwa Marekani. Huishi chini ya mialoni na miti mingine inayopukutisha majani wakati wa baridi. Majira ya kuchipua, mwanga unafika hadi chini kabla dari haijajaa, na airisi ile hutumia dirisha hilo kuchanua. Msomaji wa kule akiambiwa "panda chini ya miti" anapata kivuli chenye dirisha ndani yake. Mparachichi wetu hauna msimu wa kubaki uchi. Kivuli chake cha Aprili ndicho cha Agosti. Hata Iris foetidissima ya Uingereza, inayovumilia kivuli kizito kuliko nyingi, hupendwa zaidi kwa mbegu zake za rangi ya chungwa kuliko kwa maua. Kuvumilia kivuli ni kuishi, na kuchanua kunadai zaidi ya hapo. Sentensi hii naitamani iandikwe kwenye kila kitalu kinachouza mimea ya kivulini, maana wateja wanaitafsiri vibaya kila siku na wauzaji wanawaacha.

Kwa hiyo bustani hii ilikuwa na matatizo mawili yaliyofanana kwa nje. Kwenye migrevilea mwanga ulitosha na mkasi ndio uliozuia. Kwenye miparachichi, mkasi uliposimama, kivuli kilibaki kinazuia. Dalili ilikuwa moja, majani mazuri bila maua, na mimi nikatoa jibu moja kwa matuta mawili. Ningelinganisha matuta kabla ya kusema chochote, ningeokoa mavuno ya maparachichi na mwaka wa kazi.

Kosa langu la pili lilikuwa la wakati na kiasi. Hata kama miparachichi ingehitaji kupunguzwa, kuipunguza kwa nguvu Desemba, wiki chache kabla ya kiangazi, ni kuutoa mmea gizani na kuuanika. Mwanga huongezwa kidogo kidogo mvua zikiwa zinaanza. Tulipofanya hivyo kwenye migrevilea hakuna jani lililoungua. Na kwenye mparachichi unaozaa sasa siongezi mwanga kwa panga hata kidogo. Nahamisha ua nimwachie mwenye mti matunda yake.

La tatu linaniuma zaidi. Nilimwamkia Mzee nikapita. Katika kazi za ugani tunafundishwa kumhoji mwenye shamba, na kwenye bustani za watu wenye uwezo mwenye shamba na mwenye jembe ni watu wawili. Mwenye nyumba anajua anachotaka. Mwenye mkasi anajua kilichotokea. Siku hizi, nikiitwa bustanini, naomba kwanza niende na mtunza bustani hadi anapotupa takataka, kisha anieleze kila kilichomo lundoni: kimekatwa lini, wapi, kwa nini. Dakika 20 za pale zimenisaidia zaidi ya kupima udongo katika kesi nyingi za mimea isiyochanua: haidrenjia, waridi za kupanda, hata mabogenvilia. Mara nyingi matumba ya msimu ujao yako kwenye lundo.

Kuhusu samadi ya kuku, kisa hiki hakitoi hukumu. Tuliisimamisha kote kwa siku moja, kwa hiyo hatuna kichaka cha kulinganisha. Vichaka vitatu vilivyokatwa navyo havikuwekewa samadi na bado vilitoa maua mawili tu kwa jumla, jambo linaloonyesha kwamba kuiondoa peke yake hakukutosha. Naendelea kushauri isiwekwe nyingi kwenye mimea ya sakafu ya msitu, ambayo kwa asili inaishi kwa majani yaliyooza.

Lile jaribio la vichaka vitatu ni dogo mno kuitwa utafiti, lakini bila hilo nisingeweza kuandika haya kwa ujasiri. Mvua za masika yale zilikuwa nzuri, na kila mtu kijijini alisema bustani zimependeza mwaka huo. Ni vichaka vitatu vilivyo karibu vitupu, katikati ya mstari wenye maua 43, vilivyotuzuia kuisifu mvua kwa kazi ya mabua. Wazo lilikuwa la Mzee na nataka lihesabiwe kuwa lake.

Kwa anayetaka kupima mwanga wa mahali pake bila kifaa, natumia mkono. Saa sita mchana, siku ya jua, nyoosha kiganja kama nusu mita juu ya majani. Ukiona kivuli ambacho vidole vinatambulika, hata kwa ukungu, airisi hii itachanua hapo. Usipoona kivuli chochote, itakaa, itanawiri, na utaipenda kwa majani yake. Rudia saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa sababu jua la vipande la asubuhi linaweza kufidia mchana wa giza, kama lilivyofanya kwa vile vichaka sita vya ukingoni.

Hali ilivyo sasa

Karatasi ya stoo imebadilishwa. Mama ameandika nyingine, na juu kabisa imeandikwa Dietes iridioides kwa herufi za kuchapa, ili binti akitafuta tena atafute kwa jina hilo. Vichaka 12 vya chini ya miparachichi vitaachwa viwe majani, na Mama ameridhika navyo. Vile vitatu vya jaribio vimefungwa katani kama wenzao. Miche 11 ya lundoni imehamishiwa kwenye viriba na mitano imekwisha gawiwa kwa majirani.

Tatizo jipya ni kwamba mabua yaliyoachwa yamekuwa marefu, yanalala juu ya njia ya kuingilia, na wageni wanayakanyaga usiku. Mzee hayakati. Anayageuza upande wa tuta, anayabana chini kwa kijiti chenye panda, na kuweka konzi ya udongo juu ya kila kifundo.